Siku Nne Kufuata Pwani: Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kwa Njia ya Bagamoyo, Saadani na Pangani

Nimeandika simulizi hii wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, nikitegemea daftari dogo lililojaa vumbi, picha za simu na kumbukumbu ya shangazi yangu, ambaye hukumbuka bei za vitu kuliko mimi. Tulisafiri watatu: mimi niliyekuwa dereva, mke wangu aliyeshika daftari na fedha, na shangazi aliyezaliwa Pangani akaiacha angali msichana. Gari letu lilikuwa Toyota RAV4 ya zamani, ambayo haijawahi kupakwa rangi upya na haikustahili safari hii, lakini ndiyo tuliyonayo.

Maandalizi

Julai mwaka 2024 mke wangu aliniambia kuwa sikukuu ya Nane Nane itakuwa Alhamisi, na kwamba kwa kuomba ruhusa ya Ijumaa moja tu tungepata siku nne mfululizo. Watu wengi wa Dar es Salaam wanaokwenda Tanga hupita Chalinze na Segera, barabara ya lami mwanzo hadi mwisho, iliyo mbali kabisa na bahari. Sisi tulitaka kwenda na pwani, yaani Bagamoyo, Saadani, Ushongo, Pangani kisha Tanga, halafu turudi kwa hiyo njia ya lami siku ya mwisho.

Nilikaa na ramani jioni moja nikajumlisha kilomita. Kwa hesabu yangu njia ya kwenda haikufika kilomita 280, nikatangaza mezani kwamba tungeweza kuimaliza kwa siku moja na nusu na kubakiwa na muda wa kupumzika. Shangazi alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza, "Mwezi utakuwa wa siku ngapi?" Nilidhani anauliza tarehe. Kumbe alikuwa anauliza habari za maji.

Akanieleza jambo ambalo kila mtoto wa Pangani hulijua kabla ya kujua kusoma. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika arobaini, hamsini au zaidi, mpaka maji yawe mafu, ndipo tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Mwezi ulikuwa unaandama mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo Alhamisi maji yangekupwa mnamo saa sita na nusu mchana, na Jumamosi kati ya saa saba na saa nane. Hesabu hiyo ndiyo iliyopanga safari yetu. Fungu la Maziwe, kisiwa cha mchanga mbele ya Ushongo ambalo mke wangu alitaka kuliona kuliko kitu kingine chochote, huonekana maji yakipwa tu, na ukifika wakati mbaya utakuta bahari tupu.

Tulifunga mambo mengine kwa haraka: nafasi za kulala Bagamoyo na Ushongo tulizishika kwa simu, Pangani tukaamua kutafuta papo hapo, na fundi akalikagua gari na kubadilisha pedi za breki. Niliweka jeki, spea, galoni la maji na tochi. Sikuweka ubao, na nitaeleza baadaye kwa nini nautaja.

Siku ya kwanza, Alhamisi 8 Agosti: Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Tuliondoka saa moja kasoro robo asubuhi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu, Mwenge na Tegeta zilipitika bila msongamano, na tulisimama Bunju tu kununua maji na mihogo ya kukaanga ya shilingi 2,000. Kutoka Bunju kwenda Mapinga na Kiromo kuna vijiji vingi vyenye kikomo cha mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na trafiki walikuwa wameshaamka. Nilitii alama zote, na sikuandikiwa faini siku zote nne, jambo ambalo mke wangu amelipigia mstari daftarini.

Kabla ya mji tulikata kulia kwenda Kaole, kama kilomita tano kusini mwa Bagamoyo. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi yapatayo 30, na msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Baadhi ya makaburi yana nguzo za mawe ya matumbawe zilizopachikwa bakuli za kauri kutoka China, na alama za bakuli hizo bado zinaonekana. Mwongozaji, kijana mpole aliyezungumza Kiswahili cha kufundishia, alitupeleka hadi kwenye mikoko akatuambia kwamba hapo ndipo palipokuwa bandari. Ukitazama leo unaona matope, miti na kaa wakikimbia. Bandari ikazibwa na mikoko, biashara ikahamia Bagamoyo.

Habari kama hiyo tuliikuta tena mjini. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, utawala huo ulipohamia Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Tulifika ufukweni mnamo saa saba mchana, maji yakiwa ndiyo yameanza kurudi kutoka kwenye kupwa, tukaona wenyewe sababu: majahazi yalikuwa yamelalia ubavu juu ya mchanga, mbali na ukingo wa bahari, na wachukuzi walikuwa wakitembea hadi kwenye majahazi hayo, magunia mabegani, miguu ikilowa hadi magotini tu. Meli ya moshi isingeweza kusogea hapo. Shangazi aliketi chini ya mkungu akawatazama mafundi wakiziba mashua kwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, na hakutaka kuondoka.

Alasiri tulitembelea misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Ndani ya makumbusho yake mtu anaweza kutumia saa mbili akisoma habari za biashara ya watumwa na za mwili wa Livingstone, ambao watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba kutoka bara na kuufikisha hapa Februari 1874. Chakula cha jioni tulikila karibu na soko la samaki: changu wa kukaanga, wali wa nazi na kachumbari, shilingi 12,000 kwa kila mtu. Chumba cha nyumba ya wageni kilikuwa shilingi 40,000, na tulichukua viwili.

Kwa atakayefuata: jaza mafuta Bagamoyo, hadi juu. Petroli ilikuwa karibu shilingi 3,200 kwa lita, na baada ya hapo sikuona kituo cha kueleweka hadi Pangani. Vijijini utauziwa ya chupa. Toa pia fedha taslimu za kutosha, za noti ndogo ndogo.

Siku ya pili, Ijumaa 9 Agosti: Bagamoyo, Saadani, Ushongo

Hii ndiyo siku iliyobeba safari nzima, na ndiyo siku ambayo ramani yangu ilinidanganya.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapita Makurunge na kuacha lami. Barabara ni ya udongo, pana, na wakati wa kiangazi inapitika vizuri kwa gari lililoinuka kidogo. Wenyeji walituonya kuhusu udongo mweusi, ule unaonata kama ugali uliokosa unga mvua ikinyesha. Wakati wa masika wasiokuwa na gari la magurudumu yote manne wasithubutu. Tulivuka mto Wami, tukasimama langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Malipo hayapokelewi kwa fedha mkononi. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo kisha unalipa kwa simu, na kwa kuwa mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, tulikaa langoni karibu saa nzima, mke wangu akiwa amepanda juu ya jiwe na kuinyoosha simu hewani. Askari wa lango alimletea kiti. Halafu alileta na chai.

Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,100. Sifa yake ni kwamba wanyama wa nyika wanaishi ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Sikumwona tembo akioga baharini kama matangazo yanavyopenda kuonyesha. Tuliwaona twiga sita, ngiri, kuro, tohe na nyani wasiokuwa na haya, na baadaye, kutoka mahali pa juu kidogo, tukaona twiga mmoja amesimama kwenye majani huku nyuma yake bahari ikiwa buluu. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema neno ndani ya gari. Karibu na kijiji cha Saadani kuna mashamba ya chumvi, vidimbwi vyeupe vinavyoumiza macho jua likiwa utosini.

Kuna mbung'o. Funga vioo kila unapopunguza mwendo, na usivae nguo za buluu au nyeusi, kwa sababu rangi hizo huwavutia. Shangazi, aliyekuwa amejifunga kanga ya rangi ya nili, aliumwa mara tano, nasi mara moja moja.

Tulitoka upande wa kaskazini tukielekea Mkwaja, katika eneo lililowahi kuwa ranchi kubwa ya ng'ombe. Mpaka hapo ilikuwa saa nane. Nilikuwa nimepanga kuwa Ushongo saa tano asubuhi.

Baada ya Mkwaja barabara ikawa nyembamba na ya mchanga, yenye minazi pande zote, na mahali ambapo mchanga ulikuwa mzito zaidi tukasikia sauti ambayo kila dereva anaijua. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limepata pancha. Nilitoa spea na jeki kwa kujiamini, nikaanza kupiga jeki, na badala ya gari kupanda, jeki ikashuka. Nikachimba, nikaweka jiwe, jiwe likazama. Nikaweka mkeka wa gari, nao ukazama. Mke wangu aliandika daftarini: "Saa tisa na robo. Jeki inaelekea Australia."

Mvuvi mmoja, mtu mzima wa makamo, alitokea kwenye minazi akiwa amebeba nyavu begani. Alimwamkia shangazi kwanza, "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba baba," ndipo akatutazama sisi wawili tuliokuwa tumepiga magoti. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Akarudi alikotoka, na baada ya robo saa akaja na vijana wawili na kipande cha ubao mnene, kilichotoka kwenye ngalawa iliyovunjika. Waliuweka chini, jeki ikakaa juu yake, gari likapanda. Kubadilisha gurudumu kulichukua dakika kumi. Kisha wale vijana wakatusukuma hadi penye udongo mgumu, na wakatufundisha kupunguza upepo kidogo kwenye matairi ili yasizame mchangani.

Nilimpa yule mvuvi fedha akazikataa, mara mbili. Mwishowe shangazi akamwuliza kama ana shida yoyote ya njiani, naye akasema kwamba ana dada yake Pangani mjini, msusi wa mikeka, na kama hatutajali tumpelekee nazi na ukindu. Tulipakia nazi 12 na mafurushi mawili ya ukindu. Ubao pia akautia garini. "Mbele bado kuna mchanga, baba," aliniambia. "Ukifika, mwachie dada."

Tuliingia Ushongo jua likiwa linazama. Banda la makuti lilitugharimu shilingi 90,000 kwa watatu pamoja na kifungua kinywa. Shangazi alilala bila kula. Mimi na mke wangu tulikula pweza wa nazi, kisha tukakaa kimya tukisikiliza upepo wa kusi ukipiga makuti.

Siku ya tatu, Jumamosi 10 Agosti: Maziwe, pantoni, Pangani

Nahodha alitaka tuondoke saa nne asubuhi, ili tufike fungu likianza kuchomoza na turudi kabla kusi haijawa kali. Mashua, kiingilio cha hifadhi ya bahari na miwani ya kuzamia vilitugharimu shilingi 45,000 kila mmoja. Maziwe iko kama kilomita nane kutoka ufukweni, na tulipokaribia hatukuona kisiwa, tuliona mstari mweupe tu wa povu. Baada ya nusu saa mstari ule uligeuka kuwa mgongo wa mchanga, ukarefuka, ukapanuka, na tukashuka juu yake kwa miguu mikavu.

Shangazi alisimama katikati yake akazunguka polepole. "Hapa palikuwa na mivinje," alisema. "Mimi nimeiona. Baba alikuwa akitokea baharini anatuambia, mkiona miti ya Maziwe, chai iwekwe motoni." Kisiwa hiki kiliwahi kuwa na msitu mdogo, na kilijulikana kwa kasa waliokuja kutaga mayai, hata kikatengwa kuwa hifadhi katika miaka ya 1970. Mchanga ukamomonyoka, miti ikaanguka, na tangu miaka ya 1980 maji yakijaa kinafunikwa chote. Matumbawe yanayokizunguka bado yapo. Mke wangu, ambaye hajui kuogelea, alifungwa koti la kuokolea na kushikwa mkono na msaidizi wa nahodha, akatazama samaki kwa karibu saa nzima na kutoka akiwa na alama za miwani usoni. Mimi nilitapika mara moja wakati wa kurudi. Nayaandika haya kwa sababu ameahidi kuyaandika yeye nisipoyaandika.

Kwa atakayefuata: usimpigie nahodha simu kumwuliza kama kesho kuna safari, mwulize maji yatapwa saa ngapi, halafu upange chakula, gari na kivuko kuzunguka saa hiyo. Kusi hutawala kuanzia Aprili hadi Septemba na hufanya bahari kuwa na mawimbi. Mwenye tumbo dogo asubiri pepo za matlai au kaskazi.

Kutoka Ushongo hadi Bweni ni kama kilomita 16 za barabara ya udongo. Bweni iko ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, na mji wa Pangani upande wa kaskazini. Kati yao kuna pantoni. Tulifika saa kumi alasiri tukakuta foleni imesimama. Lori lililobeba mchanga lilikuwa limeshusha magurudumu ya mbele kwenye mteremko wa gati na kukwama, haliendi mbele wala nyuma, huku maji yakipanda taratibu. Ilibidi mchanga ushushwe kwa makoleo. Tulisubiri saa mbili kasoro dakika chache.

Sijutii. Muuza kahawa alikuja na deli lake na kashata za nazi, shilingi 200 kikombe. Mwanafunzi wa sekondari alituonyesha mahali ambapo daraja jipya lilikuwa likijengwa, lenye urefu wa mita 525, ambalo ni sehemu ya barabara ya lami itakayounganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga. Alikuwa na furaha nalo, kwa sababu kuna usiku mama yake aliugua na wakavuka kwa mtumbwi gizani. Wasafiri kama sisi hupenda kulisifia pantoni kwa mandhari yake; yule kijana alinifanya nione haya kidogo. Tulipovuka hatimaye, gari na watu watatu, nauli yote haikufika shilingi 10,000.

Mji wa Pangani umejipanga kando ya mto, wenye milango ya mbao za nakshi na kuta za matumbawe zinazobomoka. Mto huu huleta maji ya Kilimanjaro na Meru hadi baharini, na rangi yake ni ya udongo hata wakati wa kiangazi. Agosti 1888, mwezi kama huu tuliofika, wakala wa kampuni ya Wajerumani, Emil von Zelewski, aliingia hapa na kutaka bendera ya kampuni ipandishwe, na hapo ndipo vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vilipoanza kupamba moto. Abushiri alinyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski aliuawa na Wahehe Lugalo mwaka 1891. Shangazi alitusimulia hayo akitembea mbele yetu, bila kupunguza mwendo, kama mtu anayesimulia ugomvi wa majirani.

Nyumba yao aliikuta. Ilikuwa imeezekwa mabati badala ya makuti, na mlango ulikuwa mwingine. Alipiga hodi, akajitambulisha kwa jina la baba yake, na bibi aliyefungua akamtazama kwa muda mrefu kabla ya kumwita kwa jina la utotoni ambalo mimi sijawahi kulisikia. Hapo niliwaacha wenyewe.

Msusi wa mikeka hakuwa mgumu kumpata: watu watatu tuliowauliza walitusindikiza wote. Alipokea nazi na ukindu, akasikia habari za pancha, akacheka mpaka akafuta machozi, na akakataa katakata tuondoke bila kula. Tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa mkavu na mchicha wa nazi. Shangazi alikula sahani mbili. Usiku ule tulilala katika nyumba ya wageni karibu na mto, shilingi 35,000 chumba.

Siku ya nne, Jumapili 11 Agosti: Pangani, Tanga, nyumbani

Siku hii tuliibebesha mizigo mingi mno. Mwenye nafasi alale Tanga.

Asubuhi fundi pancha alilitibu gurudumu letu kwa shilingi 5,000, tukaondoka saa mbili. Barabara ya Pangani hadi Tanga ni kama kilomita 50. Ilikuwa katika ujenzi, mahali pengine lami nyeusi mpya, mahali pengine mchepuko wa vumbi unaokufanya ufunge vioo na kuomba dua. Tulipita mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari hadi macho yanapochoka. Zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai.

Kigombe tulisimama kununua dagaa. Bahari ya upande huu ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka duniani pamoja na mijusi wakubwa wa zamani, mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa hapa wamemnasa kwenye nyavu zao mara kadhaa. Mzee niliyemwuliza ladha yake alisema hafai, nyama yake ina mafuta mabaya.

Tongoni, yapata kilomita 17 kabla ya Tanga, pana msikiti uliobomoka na makaburi mengi ya nguzo chini ya mibuyu, na siku ile hapakuwa na mgeni mwingine hata mmoja. Mlinzi aliinuka kwenye mkeka wake, akatupa kitabu tusaini, akatutembeza bila haraka. Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya upande huu, maji yakapwa na kuiacha juu ya nchi kavu, ikaelea tena maji yalipojaa. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka India, aliichoma moto meli hiyohiyo kwenye mafungu hayo kwa sababu mabaharia waliobaki hawakumtosha. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Angeuliza mwezi," alisema.

Tanga mjini tulikaa saa tatu tu. Tulikula mishikaki na chapati Ngamiani, kwenye mitaa inayoitwa kwa namba, tukapumzika kwenye bustani inayotazama bandari, na mapango ya Amboni tukayaacha kwa safari nyingine. Watu husema kuhusu mji huu, waja leo waondoka leo. Sisi tulitimiza neno hilo vibaya mno, kwani saa nane tulikuwa tumeshaingia barabara ya Muheza, tukinunua machungwa ya shilingi 5,000 yaliyojaza kikapu.

Kuanzia hapo ni lami: Segera, Mkata, daraja la Wami, kisha Msata tukakata kushoto kwenda Bagamoyo ili kuepuka malori ya Chalinze. Kutoka Bagamoyo hadi Tegeta tulikuta kila mtu aliyetoka mjini Alhamisi akirudi kwa pamoja. Tulifungua geti la nyumbani saa nne kasoro robo usiku.

Gharama zote, kwa watu watatu, zilifika shilingi 985,000. Petroli peke yake ilikuwa karibu 230,000 kwa kilomita 690 zilizosomeka kwenye gari, malazi 240,000, Maziwe 135,000, na kilichobaki ni chakula, viingilio, pancha na zawadi. Mtu anayelala kwenye hema na kujipikia atapunguza zaidi ya theluthi. Mwenye siku tano badala ya nne aongeze usiku mmoja Tanga, na mwenye sita aongeze mmoja Saadani, kwa sababu wanyama huonekana alfajiri, na sisi tuliwapita mchana wakiwa kivulini.

Jumatatu asubuhi nilifungua buti ya gari ili nifagie mchanga. Chini ya kikapu cha machungwa, ukiwa umelala kimya, nilikuta ubao wa ngalawa. Nazi tulizifikisha, ukindu tuliufikisha, na ubao tukaupeleka hadi Tanga na kuurudisha Dar es Salaam. Nilimpigia simu yule msusi wa mikeka kumwomba radhi, naye akacheka tena kama alivyocheka siku ile, akasema kaka yake ameshauliza habari za ubao mara mbili.

Sasa umesimama ukutani karibu na jiko. Shangazi ameshatazama kalenda: anasema tusubiri kusi itulie, twende mwezi ukiwa mpevu, tupite asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na safari hii yeye ndiye atakayepanga saa.